Mkutano ulijaa kina mama, barabara iliyopitishwa ni ya mnadani. Mnaelezaje hili?

#1 Korongo Kavu
Wakuu salaam. Wenye siasa zao naomba wapite pembeni kidogo.

Kijiji kimoja cha Chamwino, sikitaji kwa sababu nina ndugu pale, kiliitisha mkutano mkuu kuchagua kipaumbele cha usafiri kwenye mpango wa mwaka. Mambo yalikuwa mawili. Kwanza, kuchonga na kumwaga moramu barabara ya kwenda mnadani. Pili, kujenga kivuko cha miguu kwenye korongo linalotenganisha vitongoji viwili na mashine ya kusaga, kisima na zahanati. Mvua za Januari hadi Machi korongo hilo likishusha maji, unakaa ng'ambo mpaka yapungue. Kwa sasa kuna gogo limelazwa. Mama anapita na dumu la lita 20 kichwani, mtoto mgongoni, mkono mmoja kwenye dumu, mwingine unapapasa kamba iliyofungwa kwenye mgunga.

Nilikuwepo. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, huhitaji hata kuhesabu. Kura ya kunyoosha mikono. Mnada ukashinda kwa kishindo! Anayekwenda mnadani ni mwanaume na ng'ombe wake, mara moja au mbili kwa mwezi. Anayevuka korongo ni mama, asubuhi na jioni.

Mimi nasema usafiri vijijini unapangwa kwa ajili ya mwenye chombo, anayebeba mzigo kichwani hayumo. Ila pale waliomnyima mbebaji ni wabebaji wenyewe. Nielezeni.

#2 Zuzu Stesheni
Jibu fupi: wanawake hawapendani. Uzi ufungwe.

#3 Binti Kikombo
Namba 2 kalale. Mleta mada, mkutano ulianza saa ngapi, na hiyo ajenda ilifikiwa saa ngapi?

#4 Korongo Kavu
Uliitwa saa nne, ukaanza karibu saa saba. Michango ya shule ikala muda. Barabara ilifikiwa kwenye saa tisa na nusu.

#5 Binti Kikombo
Umejijibu. Saa tisa na nusu mwanamke anawaza foleni ya kisimani, kuni, na mtoto aliyemwacha kwa jirani. Hoja ya kwanza kupigiwa kura ndiyo inayonyooshewa mkono ili watu watawanyike. Ya mnada ilitajwa ya kwanza, au nakosea?

#6 Korongo Kavu
Hukosei. Ya mnada ilitangulia.

#7 Mjumbe wa Zamani
Tatizo ni sheria kutofuatwa. Sheria inataka nusu ya halmashauri ya kijiji iwe wanawake. Hao ndio wanaopanga ajenda kabla ya mkutano. Mngekuwa na nusu kweli, kivuko kingetangulia.

#8 Sheria Kidogo
#7 hapana. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaweka wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo. Robo, siyo nusu. Kwenye halmashauri ya wajumbe 20 hao ni watano, na mara nyingi wawili kati yao wamewekwa kamati ya huduma za jamii. Barabara zinajadiliwa kwenye kamati ya fedha na mipango, chini ya mwenyekiti wa kijiji. Pale ndipo ajenda inapopangiwa nafasi.

#9 Mjumbe wa Zamani
Hata hiyo robo kwetu walikuwa wanaandika mahudhurio na kupika chai.

#10 Fundi Moramu
Mnazunguka sana. Nimefanya kazi za barabara za wilaya tangu zikiwa chini ya halmashauri, kabla TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, haijaanzishwa 2017. Sheria ya Barabara ya 2007 imegawa barabara za wilaya mafungu matatu: za mkusanyo, za mlisho na za jamii. Njia ya miguu inayokatiza shamba la mtu haina fungu. Isiyo na fungu haina namba, isiyo na namba haipimwi hali yake, na isiyopimwa haiingii kwenye bajeti ya matengenezo. Mtandao wa TARURA nchi nzima unapita kilomita 144,000 na bado njia ya korongo lenu haimo. Hata kivuko kingeshinda kwa kura zote, mhandisi angeuliza: kiko kwenye barabara gani?

Halafu kuna hesabu ya vyombo. Ukitaka kujua barabara ina kazi kiasi gani, unaweka kijana na daftari anahesabu magari na pikipiki. Wanawake mia wakipita na kuni, daftari jeupe.

Na mjue barabara ikichongwa inaweza kumuumiza huyo huyo mnayemtetea. Greda likipita linafukua mtaro pande zote mbili, na mtaro mzuri kwa barabara ni wenye kina. Zile njia ndogo za kutokea majumbani zote zinakatwa. Mwenye pikipiki anatafuta pa kupandia. Mwenye ndoo kichwani anashuka mtaroni na kupanda ng'ambo, kiuno kinapinda na maji yanamwagika. Dawa yake ni slabu ya zege upana wa hatua moja na nusu, au mawe yaliyopangwa vizuri. Kwenye michoro mingi niliyoshika, slabu zipo kwenye nyumba ya mtendaji, shuleni na kanisani. Kwenye njia ya kisima sijawahi kuziona.

#11 Zuzu Stesheni
Fundi leo umeandika kuliko uliyoandika tangu ujiunge humu.

#12 Ilala Bungoni
TARURA si ni Wizara ya Ujenzi? Mpelekeeni waziri.

#13 Fundi Moramu
Wizara ya Ujenzi ina TANROADS, barabara kuu na za mikoa. TARURA iko TAMISEMI. Barua yako ingeishia mapokezi.

#14 Mama Uwele
Ngojeni kwanza. Mmeongea wee, hakuna aliyeuliza hao wanawake walitaka nini. Mleta mada anasema mnadani wanaenda wanaume na ng'ombe. Kaka, umewahi kufika mnadani au unapita na basi?

Mimi ni wa mnadani. Mwanaume anauza beberu, anakula nyama choma, anarudi. Wapishi ni akina nani? Wauza nyanya, karanga, chumvi, vitenge, mafuta ya alizeti ya kupima, pombe? Wanawake. Mnada ndiyo siku pekee hela inaingia mkononi mwangu bila kupita kwa mtu. Masika fuso la mizigo likikwama njiani, ule mzigo wa nyanya ni mtaji wa kikundi kizima unaozea kwenye tope. Ningekuwa kwenye mkutano huo mkono wangu ungekuwa wa kwanza juu, na asingenilazimisha mtu.

Korongo nimelivuka tangu nikiwa msichana, ninalijua. Tope la barabara silijui, kila siku lina kimo chake.

#15 Binti Kikombo
Mama shikamoo. Hilo nalipokea, ila wewe una biashara. Wale wa vitongoji vya ng'ambo wengi hawana cha kupeleka mnadani zaidi ya kuku wawili. Wenye biashara ndio wanaoongea mkutanoni, na wasio nacho wanafuata mkono wa mwenye sauti. Wanawake siyo kundi moja.

#16 Mama Uwele
Marahaba. Kuku wawili nao wanauzwa mnadani.

#17 Boda wa Bahi
Mada nzuri hii, sisi maboda tunasingiziwa kila kitu. Naongeza moja: kivuko cha miguu kikijengwa kesho, kesho kutwa sisi ndio tutakuwa wa kwanza kupita juu yake. Nimeona mahali kiliwekwa kivuko chembamba cha mbao, pikipiki zikapita na gunia za mkaa, mbao zikakatika, mama wa watu akaambiwa azunguke. Kwa hiyo ama mkiweke kipana na imara tupite wote, ama mpande nguzo katikati tushindwe.

#18 Zuzu Stesheni
Boda kwa kujisemea ukweli nakupa soda.

#19 Kondoa Irangi
Hapo kwenye boda tusipite haraka. Sekondari za kata zimejengwa nyingi tangu mpango wa maendeleo ya sekondari, MMES, ulipoanza 2004, lakini kata zetu huku Chemba ni pana, binti anatembea kutoka alfajiri. Barabara ilikuwa mbovu, wakatembea kwa makundi. Ikachongwa, pikipiki zikaongezeka, na lifti zikaongezeka. Lifti ya kwanza bure, ya pili bure, ya tatu ina masharti. Mzazi mwenzangu binti yake aliacha masomo kidato cha pili kwa njia hiyo. Sasa ukiniuliza barabara imemsaidia nani pale, nitasita. Sisi tulichanga tukajenga bweni, na ndilo lililotusaidia. Kwenye mpango wa usafiri hakuna mtu angeandika bweni.

#20 Boda wa Bahi
Wapo wa hivyo, sikatai. Ila na usiku mjamzito akizidiwa mnampigia nani?

#21 Ilala Bungoni
Si kuna m-mama, mnapiga 114 bure.

#22 Muuguzi wa Mvumi
114 ni Zimamoto, wasijekuja na maji! m-mama ni 115. Ilizinduliwa kitaifa 2022, ni kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Simu inapokelewa kituo cha mkoa, wanaangalia kama gari la wagonjwa lipo karibu, na lisipokuwepo wanampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye analipwa kwa simu kazi ikiisha. Mgonjwa hatoi hela.

Lakini dereva wa jamii anakuja na gari, na gari linahitaji barabara. Mama akiwa ng'ambo ya korongo wanambeba kwa kitanda cha kamba hadi gari lilipo. Nimepokea waliokuja hivyo, wengine wamelowa hadi kifuani. Mimi nisingechagua kimoja. Barabara bila kivuko ni nusu ya safari, na kivuko bila barabara vilevile.

#23 Mzee wa Kibaigwa
Mbukwenyi nyote. Vijana mnaongea kana kwamba korongo lilianza juzi. Mnajua kwa nini kisima kiko upande ule na watu upande huu?

Zamani Mgogo alikaa kwenye tembe yake, nyumba ya udongo ya paa bapa, shamba lake nyuma ya nyumba, mifugo ndani ya uwanja, kaya na kaya zimeachana. Ikaja Operesheni Dodoma, 1971, watu wakasogezwa kwenye vijiji vya ujamaa. Mwalimu mwenyewe alikuja Chamwino kufyatua tofali. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji sehemu moja, na shule tulizipata kweli. Lakini vijiji vilipangwa kando ya barabara ili lori la serikali lifike. Mashamba yakabaki kule kule, kuni zikaisha kuzunguka kijiji ndani ya miaka michache, na mwanamke ambaye shamba lilikuwa mlangoni akaanza kutembea saa nzima na jembe. Huo ndio mpango wa usafiri wenyewe, ila haukuitwa hivyo.

#24 Sheria Kidogo
Mzee shikamoo. Maelezo mazuri, ila yanabeba mengi mno. Vijiji ambavyo havikuguswa sana na operesheni navyo wanawake wanatembea mbali. Na wengi wamerudi kujenga mashambani tangu miaka ya themanini, ndivyo hivyo vitongoji vya ng'ambo vilivyozaliwa.

#25 Mzee wa Kibaigwa
Marahaba. Hao waliorudi ndio wasiokuwa na kivuko. Tunasema kitu kimoja.

#26 Sheria Kidogo
Hapana mzee, hatusemi kimoja, ila tuendelee.

#27 Mhandisi Mzee
Nimesoma uzi mzima nacheka peke yangu. Haya yalichunguzwa Makete kuanzia mwaka 1985, mradi wa usafiri vijijini wa serikali na Shirika la Kazi la Kimataifa. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza: nani amekwenda wapi, amebeba nini, kilo ngapi, muda gani. Ikaonekana sehemu kubwa ya safari za kaya hazitoki nje ya kijiji kabisa. Ni maji, kuni, shamba na mashine. Na sehemu kubwa ya mzigo iko kichwani kwa mwanamke. Barabara kubwa waliyodhani ndiyo shida iligusa sehemu ndogo ya safari.

Wakajibu kwa kutengeneza njia za miguu, vivuko, punda na toroli, na pia kusogeza mashine za kusaga. Kusogeza mashine nako ni usafiri, kwa sababu safari inafutika. Hilo ndilo wahandisi tunalosahau, tunafikiri kazi yetu ni kumfikisha mtu.

#28 Ilala Bungoni
Makete ya Mbeya hiyo, kuna baridi na mito. Dodoma ni jangwa, msilinganishe.

#29 Mhandisi Mzee
Makete wakati ule ilikuwa mkoa wa Iringa, leo iko Njombe. Mbeya haijawahi kuwamo kwenye hesabu hiyo. Na Dodoma siyo jangwa, ni nusu kame, msimu mmoja wa mvua. Korongo kavu miezi minane ndilo hatari zaidi kwa sababu hakuna anayelikumbuka bajeti inapopangwa.

#30 Zuzu Stesheni
Ilala umekosea wizara, namba ya simu na mkoa kwenye uzi mmoja. Rekodi.

#31 Ilala Bungoni
Nyie mna treni ya SGR tangu Julai 2024, bado mnalia korongo?

#32 Binti Kikombo
Mchongoko, hiyo treni yako, haupandi na kuni.

#33 Mpwapwa Milimani
Nilikuwa nangoja mtu amtaje punda. Mhandisi umemtaja kwa neno moja tu ukapita. Kwetu punda mmoja anabeba madumu manne, lita 80, safari moja. Mwanamke angekwenda mara nne. Hakuna greda wala kivuko kitakachompunguzia mzigo kiasi hicho.

Lakini angalieni mwenendo wake. Punda alikuwa mnyama wa kudharauliwa, mwanaume hamhesabu kwenye mali, kwa hiyo mama anamtumia anavyotaka. Zilipokuja biashara za ngozi, Dodoma na Shinyanga kukawa na machinjio, bei ikapanda na punda akawa mali ya baba ghafla. Wengine waliibwa usiku zizini. Serikali ilipopiga marufuku kuwachinja 2022, na Umoja wa Afrika nao ukakataza biashara ya ngozi Februari 2024, afadhali. Ila waliokwisha hawakurudi, punda anazaa taratibu, mimba ni mwaka mzima.

Na ukimfunga mkokoteni, kesho utamkuta kijana anauza maji kwa dumu. Mama anarudi kuwa mteja.

#34 Mama Uwele
Mteja anayekaa kivulini, mimi nakubali! Kama nina hela ya dumu, acha kijana abebe.

#35 Mpwapwa Milimani
Kama unayo, mama. Hapo ndipo penyewe.

#36 Sheria Kidogo
Kuhusu hela. Kila mtu atasema bajeti hakuna. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Hoja ya wengi ni kwamba wenye magari ndio wanaolipa, basi wao ndio watangulie kuhudumiwa. Lakini mashine ya kusaga isiyo na umeme inakunywa dizeli. Mama anayesaga debe la mtama amelipia barabara ndani ya bei ya kusaga. Anayepanda boda amelipia. Wanaolipa tozo ni wengi kuliko wanaomiliki usukani.

#37 Fundi Moramu
#36 hii sikuwahi kuifikiria, na nimekaa kwenye moramu miaka yote.

Wanawake wangepewa kazi za barabara zenyewe pia mambo yangebadilika. Zabuni za umma, asilimia 30 zimetengwa kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake. Kufyeka, kuzibua kalvati, kufukua mitaro, kazi za jembe na sululu, kikundi cha wanawake kinaziweza vizuri. Mzibuaji wa kalvati ndiye anayejua maji yanapita wapi na watu wanapita wapi. Ila nimeona kikundi cha akina mama kwenye karatasi na msimamizi, mwenye akaunti na mwenye pikipiki ya kazi ni shemeji wa mtu.

#38 Mjumbe wa Zamani
Shemeji yupo kila wilaya.

#39 Korongo Kavu
Nimesoma yote. Mama Uwele umenitikisa, nilimpigia dada yangu aliyekuwa mkutanoni. Nikamuuliza mbona mlinyosha mikono. Akasema: "Mwenyekiti alisema barabara ni ya serikali, kivuko ni cha nguvu zetu. Tukaona tuchukue cha serikali, cha nguvu zetu tutajua wenyewe."

#40 Binti Kikombo
Ehee! Hiyo sasa ni habari nyingine kabisa. Hawakukataa kivuko.

#41 Sheria Kidogo
Au waliogopa kuchangishwa mawe na mchanga. Kwenye utaratibu wa Fursa na Vikwazo, ule wa wananchi kupanga miradi yao, kuna kinachoitwa nguvu za wananchi; ukienda eneo la kazi unakuta ndoo za mchanga ziko vichwani mwa nani?

#42 Mama Uwele
Au walifanya hesabu nzuri tu, mnawatafutia sababu kama wagonjwa. Barabara ya serikali hujui itarudi lini tena kijijini. Ukiitwa, unaishika.

#43 Fundi Moramu
Mwenyekiti alisema kweli kwa namna fulani, ndiyo ile habari ya fungu niliyoeleza #10. Ila kama njia ya korongo inaunganisha vitongoji viwili, kijiji kinaweza kuomba itambuliwe kuwa barabara ya jamii. Ipanuliwe kidogo, ipimwe, iombewe namba. Ikipata namba, drifti ya zege, yaani kivuko cha chini ambacho maji hupita juu yake, inaombeka. Inachukua muda, na mtalazimika kumshawishi mwenye shamba linalokatizwa.

#44 Mpwapwa Milimani
Drifti iwe na kingo za chini na isisuguliwe laini. Punda akiteleza na madumu mara moja, hapiti tena hapo hata umpige.

#45 Korongo Kavu
Mwenye shamba ni baba mkwe wangu. Nitaanzia wapi?

#46 Zuzu Stesheni
Anzia na beberu.

#47 Mama Uwele
Usiende wewe. Mtume mkeo akaongee na mama yake kwanza.

#48 Kijana wa Nala
Samahani nimechelewa, Mpwapwa, soji za punda zile za kubebea madumu manne mnashonesha wapi? Huku tunafunga kwa kamba za katani, zinamchubua mgongo.

#49 Mpwapwa Milimani
Mshonaji wa viti vya magari anaweza. Mpelekee turubai nzito na magunia ya kujazia katikati, mwambie aache uwazi juu ya uti wa mgongo. Akikuambia hajui, mwambie ashone kama mto wa kiti, viwili, aviunganishe kwa mkanda.